Sekunde Hamsini na Mbili

Siku refa alipopuliza filimbi ndani ya kituo cha polisi, askari watatu walisimama wima na mahabusu mmoja akalala kifudifudi bila kuambiwa. Inspekta mwenyewe alimwaga chai juu ya jalada la kesi nyingine kabisa. Mzee yule hakuwa na wazimu. Aliulizwa huwa anawajibu vipi watu wanaompigia simu kwa namba zilizofichwa, na kwa kuwa alichezesha mpira miaka ishirini na miwili, hakuona sababu ya kulieleza kwa maneno jambo ambalo angeweza kulionyesha.

"Ndivyo hivyo," alisema, akairudisha filimbi kwenye mfuko wa shati. "Kioo kikiandika namba imefichwa, napokea, napuliza, nakata. Simsikii, hanisikii. Wacha sikio limzibe."

Hayo yalitokea wiki tatu kabla ya Jumatano orodha ya simu ilipoletwa. Kituo kizima kilicheka, Inspekta naye akacheka, mpaka mzee alipotoa tena picha ambayo tayari ilikuwa kwenye faili.

Ilikuwa picha ya binti yake, mwalimu wa chekechea, miaka ishirini na sita, nywele za kusuka zinafika kiunoni, anacheka na mwanya wake mbele. Alitoka nyumbani Jumatatu moja asubuhi, zaidi ya miezi miwili kabla ya siku hiyo ya filimbi, kwenda kazini, na kazini hakufika. Wazazi walichapisha karatasi zenye picha hiyo na namba ya simu ya baba, wakazibandika kwenye kuta, nguzo za umeme na milango ya maduka. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Walitarajia habari, zikaja dhihaka. Jamani, kuna watu wana roho ngumu! Mmoja alipiga akacheka tu, akakata. Mwingine alibana pua akalia, "Baba, baba, njoo unichukue," na mama wa binti, ambaye ndiye aliyepokea, akaanza kumbembeleza na kumsihi, mpaka yule mhuni alipoangua kicheko na wenzake. Mama alilala siku mbili presha imempanda. Refa alimfokea mkewe kwa hilo, akamwambia asimlilie mhuni hata siku moja, kisha akaweka sheria ya nyumba: namba iliyofichwa jibu lake ni filimbi, na mama asiiguse simu tena. Mwenye habari ya maana, alisema, atapiga kwa namba inayoonekana.

"Wahuni wamechoka," alimwambia Inspekta siku ile. "Amebaki mmoja. Kila siku saa saba mchana. Huyo hachoki, afande, na mtu asiyechoka ana sababu. Huyo ndiye aliye na mwanangu. Nikamatie huyo."

Inspekta aliandika maombi ya kwenda mahakamani siku hiyo hiyo. Namba ikifichwa, hufichwa kwa anayepigiwa tu. Kampuni ya simu huiona kama kawaida, ila haiitoi bila amri ya hakimu. Maombi yalilala kwenye trei ya karani fulani siku tisa. Wenzake kazini walimwita Inspekta Kobe, wakidhani hajui. Alijua tangu wiki ya kwanza, wala hakuchukia. Katika siku hizo tisa alikwenda kuuliza mara moja tu.

*

Orodha ya simu ililetwa Jumatano asubuhi, kurasa kumi na moja. Koplo wa kumbukumbu, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usiolala, aliitandaza mezani akatoa rula na kalamu za rangi.

"Simu zilizofichwa mia moja na nne," alisema. "Namba saba tu. Hizi tano za kijani ni wahuni. Wote mtaa mmoja, wanapiga shule ikishafungwa, na wote waliacha baada ya mwezi wa kwanza. Wazazi wao niachie mimi."

"Bluu?"

"Mara mbili, basi. Namba ya fundi umeme. Ndiye yule mchumba wa binti, ambaye mzee hataki hata kumsikia."

Inspekta aliweka alama. Refa alishamwambia, tena bila kuulizwa, kwamba kijana huyo alipigwa marufuku kukanyaga pale nyumbani tangu siku alipoleta posa akiwa amechelewa saa mbili.

"Na nyekundu?"

"Thelathini na moja. Mtu mmoja. Saa saba na dakika chache, siku nenda siku rudi. Sekunde nne, sekunde tano, sekunde nne. Urefu wa filimbi, mkubwa."

Inspekta aliinama. Alikuwa na tabia ya kusoma orodha kwa kutafuta kisichokuwepo. "Jumapili hapigi," alisema.

"Hapigi kweli."

"Na hapa pana siku sita za kimya. Halafu anarudi saa ile ile." Alikuna kidevu. "Mteka watu hana Jumapili. Huyu ana kazi ya zamu. Anapiga wakati wa mapumziko ya mchana, na wiki ile alipangiwa usiku."

"Kobe katoa kichwa," Koplo alinong'ona.

"Nimesikia."

"Nilitaka usikie. Sasa tazama ya mwisho."

Simu ya mwisho ilipigwa siku kumi na mbili zilizopita, saa saba na dakika kumi. Baada ya hapo, kimya. Na haikuwa ya sekunde nne wala tano. Ilidumu sekunde hamsini na mbili.

Koplo alivuta daftari dogo la mistari ya mraba. Refa alilileta jana yake, akitembea nalo mikono miwili. Alikuwa ameandika kila simu iliyofichwa kwa namna alivyoandika mechi zake: tarehe, saa, dakika, na mwishoni "kadi ya njano." Siku nyingine aliongeza hali ya hewa. Koplo alipitisha rula juu ya orodha na kidole juu ya daftari, mstari kwa mstari, nyekundu zote. Thelathini zililingana mpaka dakika. Ya thelathini na moja haikuwemo.

"Mtu aliyeandika mpaka mawingu," Koplo alisema, "hii moja tu kaisahau?"

"Hakuisahau."

"Basi mzee anatuficha kitu. Sekunde hamsini na mbili zinatosha kupatana na mtu, mkubwa. Zinatosha hata kupanga jambo."

Inspekta hakulipenda wazo hilo, lakini aliliandika. Kazi yake haikumpa ruhusa ya kuacha mawazo asiyoyapenda.

Namba nyekundu ilisajiliwa kwa jina la mwanamke wa miaka thelathini na nne. Koplo aliipigia mara nne kwa simu ya kituo. Iliita mpaka ikachoka.

"Hapokei namba asizozijua," Koplo alisema, akacheka kwa uchungu. "Haya makubwa. Anayesumbua watu naye hataki kusumbuliwa."

*

Fundi umeme alikuwa juu ya ngazi, anafunga taa kwenye duka jipya. Alipomwona Inspekta alishuka haraka mpaka akakosa ngazi ya mwisho.

"Amepatikana?"

"Bado. Ulimpigia mzee ukiwa umeficha namba. Kwa nini?"

Kijana alijifuta mikono kwenye suruali. "Akiona yangu hapokei. Nilitaka kuuliza tu kama kuna habari, afande. Nikapulizwa filimbi. Nikajua kakosea. Kesho yake nikarudia, filimbi. Sikio hili mpaka leo linavuma."

"Nyumbani hukwenda?"

"Nilikwenda mara tatu. Mama alinifungulia mlango, mzee akaufunga." Alielekeza kidole ndani ya duka. "Saa saba mchana huwa niko kazini na watu sita, ukitaka waulize. Mimi niandikie lolote, lakini ukimpata nipigie. Hata usiponisemesha, nipigie tu, nitaelewa."

Inspekta aliwauliza wale sita, kwa sababu ndiyo kazi. Wote walisema sawa. Akachora mstari juu ya bluu.

*

Anwani ya mwanamke wa namba nyekundu ilikuwa chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji. Mdogo wake alikuwa uani anafua. Alisema dada yuko kazini, hospitali kuu, wodi ya majeruhi wa kichwa, na akauliza dada kafanya nini.

Inspekta alikuwa ameshageuka kuelekea barabarani. Katika wiki ya kwanza binti alipopotea alipeleka maelezo yake kwenye hospitali ile ile: mwanamke, miaka ishirini na sita, nywele ndefu za kusuka. Walimjibu kwa maandishi kwamba hawana mtu wa namna hiyo. Barua ipo kwenye faili, ina muhuri. Toka kituoni hadi hospitali ni mwendo wa dakika ishirini, hata kwa mtu anayeitwa Kobe, na yeye akatuma barua.

Nesi alimpokea kwenye stoo ya wodi, katikati ya rafu za bandeji, akaketi juu ya boksi la glavu. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu aanze kazi. Inspekta alibaki wima. Alikuja kwa mshukiwa, na sauti aliyoitoa ilikuwa ya mshukiwa.

"Namba hii ni yako?" Akamsomea.

"Ni yangu."

"Umempigia mzee mmoja mara thelathini na moja huku umeficha namba. Nataka sababu."

Nesi alimkazia macho. "Mzee?" alisema. "Kumbe ni mtu?"

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani ni mashine. Ukipiga inalia firiii, inakata. Nilisema labda ni kengele ya ofisi, labda namba imekufa. Nilijaribu kusema 'haloo, hospitali' mara tatu nne siku za mwanzo. Ile firiii haikuningoja nimalize."

"Namba uliitoa wapi?"

"Kwa mgonjwa. Aliletwa na wasamaria, kagongwa na lori barabara ya viwandani, hana pochi, hana simu. Kichwa kilipasuliwa. Alikaa wiki tano hajitambui. Alipozinduka ulimi ulikuwa umekufa na upande wa kulia wote. Tukampa kalamu mkono wa kushoto. Herufi zilimkataa kabisa, afande. Alichora mikwaruzo akakasirika. Lakini tarakimu zilimkubali. Daktari alisema hutokea. Aliandika namba hiyo, akanigonga mkono kwa kalamu mpaka nikapiga."

Inspekta aligundua kwamba ameketi. Kwenye boksi gani, hakuangalia. "Mlimwandikisha umri gani?"

"Alikuwa amevimba, nywele tumezinyoa kwa ajili ya upasuaji. Karani wa mapokezi aliandika arobaini, asiyejulikana. Sisi tulimwita Mgeni."

"Kwa nini kuficha namba? Kwa nini, dada? Ungepiga wazi siku moja tu."

"Wodi hii sote tunaficha." Nesi alisema bila kujitetea, kama mtu anayesoma kanuni. "Simu ya mezani ilikufa zamani. Mwaka juzi mwenzetu alipiga kwa simu yake kutoa habari ya msiba. Ndugu wa marehemu walimpigia mwezi mzima, usiku na mchana, wakimtukana kwamba yeye ndiye aliyeua. Aliacha kazi. Tangu hapo bosi wa wodi alitufundisha jinsi ya kuficha, na ndiyo kanuni. Simu yangu niliiweka hivyo moja kwa moja."

"Na meseji?"

"Meseji haifichi namba," alisema. Kisha akaisikia sentensi yake mwenyewe, akaweka kiganja mdomoni.

Nje ya mlango kitoroli kilipita na vyombo vikigongana.

"Kama ulijua ni mashine," Inspekta aliuliza, "uliendelea mara thelathini na moja kwa nini?"

"Kwa sababu yake. Siku ya tatu niligoma. Alichukua kijiko akagonga chuma cha kitanda mpaka wodi nzima ikapiga kelele. Nikapiga, nikaweka spika, nikamwekea sikioni asikie mwenyewe kwamba hakuna mtu. Ile firiii ilipolia..." Alitabasamu, na tabasamu lilimkaa vibaya. "Alifumba macho, akatulia. Alicheka, nikamwona mwanya. Tena siku hiyo alimeza uji wote. Basi ikawa ndiyo dawa yake. Kila siku kabla ya chakula napiga, firiii, anakula. Wenzangu walinitania kwamba namlisha mtu kwa filimbi. Siku zisizo za zamu yangu hakula vizuri."

Inspekta alitoa picha, akaiweka gotini mwake nesi. Hakuuliza swali. Nesi aliitazama sana, akafunika nywele za kwenye picha kwa kidole kimoja, akabakiza uso.

"Baba yake ni refa," Inspekta alisema. "Ile ni filimbi yake. Alikuwa anawafukuza wahuni."

Nesi alilia palepale, kwa sauti, bila kujifunika. "Mungu wangu! Alikuwa anamsikia baba yake. Alijua kwao wapo. Alijua, na mimi nasema mashine!"

"Yuko kitanda gani?" Inspekta alikuwa ameshasimama.

Nesi hakusimama. Alitikisa kichwa tu, na Inspekta akashika rafu.

"Lini?"

"Siku kumi na moja leo. Alfajiri. Damu iliganda ikapanda mapafuni. Yuko chumba cha maiti. Keshokutwa manispaa inawazika wasio na wenyewe."

Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani, wala hakuitaka. Refa aliingia kituoni siku ishirini na moja zilizopita, akapuliza filimbi, watu wakacheka. Siku ile binti alikuwa hai, dakika ishirini kwa miguu, anasubiri saa saba. Aliendelea kuwa hai siku kumi zaidi, na tisa kati ya hizo karatasi ilikuwa kwenye trei. Inspekta alikuwa ameona maiti nyingi katika kazi yake, na alidhani anaujua uzito wake. Huu aliubeba vibaya. Alisikia haya mpaka masikioni.

"Simu ya mwisho," alisema. "Sekunde hamsini na mbili. Ulisema nini na yule mzee?"

"Mimi? Sikusema kitu. Nilipiga, nikaiweka kwenye mto karibu na sikio lake, mgonjwa wa kitanda cha nne akaanza kutapika, nikamkimbilia. Niliporudi simu imeshakatika. Nilishangaa, sikuisikia firiii siku ile. Nikamkuta Mgeni analia. Machozi tu, hayana sauti. Ameshika simu yangu, hataki kuiachia. Nilimnyang'anya kwa nguvu, afande, nilitakiwa kwenda wodi ya pili." Alishusha kichwa. "Uji hakunywa. Asubuhi yake akaondoka."

*

Nyumba ya refa ilikuwa na sebule ndogo, viti vinne, na juu ya kabati rundo la karatasi zenye picha ambazo hazijabandikwa bado. Simu ilikuwa mezani peke yake juu ya kitambaa. Mama alikuwa kizingitini mwa jikoni, mikono ina unga. Mlango wa chumba cha binti ulikuwa wazi, na kitanda ndani kimetandikwa shuka iliyonyooka bila kunyanzi.

"Umemkamata," refa alisema. Hakuuliza.

"Nimempata. Mzee, keti. Mama, nawe njoo uketi."

Mama alimtazama usoni mara moja tu. "Sema nikiwa nimesimama, baba," alisema. "Nikiketi sitainuka."

Inspekta alisema. Alianza na kifo, kwa sababu alishajifunza kwamba ukianza na mengine watu hutumaini. Mama hakupiga ukelele. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili na unga ukabaki kwenye mbao. Refa aliendelea kuketi wima, kidole juu ya goti, kama anayesubiri mtu amalize malalamiko ndipo aamue.

Kisha yakaja ya simu, na hapo Inspekta alitaka kupunguza. Angeweza kusema nesi alikosea namba. Hakuna ambaye angemkosoa. Lakini refa alikuwa ameshafika kabla yake.

"Saa saba," refa alisema taratibu. "Wa saa saba alikuwa yeye."

"Nesi ndiye aliyepiga. Namba aliitoa binti yako."

"Nikapuliza."

"Ulipuliza."

"Mara ngapi?"

"Mzee—"

"Mara ngapi, afande! Mimi ndiye niliyeandika."

"Thelathini."

Inspekta aliwaeleza basi kuhusu kitanda, spika, na uji uliomezwa wote. Alieleza kwamba binti aliitambua filimbi na kucheka. Alidhani anampa mzee kitu cha kushika. Refa aliyasikiliza yote, uso ukamkunjamana.

"Kwa hiyo alijua ni mimi," alisema. "Alijua nipo, nimeshika simu, na sitaki kumsikiliza." Akajipiga kifuani kwa ngumi, mara moja, mara mbili, na Inspekta akamshika mkono.

"Ya thelathini na moja hukuandika," Inspekta alisema. Hakutaka kuuliza, lakini hakuweza kuondoka bila kuuliza. "Sekunde hamsini na mbili. Daftarini haimo. Hukupuliza siku ile. Ulifanya nini?"

Refa alimtazama mkewe kwa wizi, kisha sakafu. Koplo alikuwa sahihi, mzee alikuwa anaficha kitu, na alikuwa anamficha mtu mmoja tu.

"Nilikuwa na mafua," alisema. "Wewe ulikwenda kliniki, mama. Niliitia filimbi mdomoni, pumzi haikutosha. Na nilikuwa nimechoka. Nikasema, nikasema kama wewe." Alimgeukia mkewe. "Nilikufokea usimlilie mhuni, mimi nikamlilia. Nikamwambia, wewe mtu, kama mwanangu yuko hapo mwekee simu sikioni. Kisha nikaongea naye. Nikasema, mwanangu, kama unanisikia, kitanda chako mama yako anakitandika kila asubuhi. Rudi. Hata kama umeharibika vipi, rudi. Kama huwezi kutembea sema tu uko wapi, nitakuja kukubeba, bado nina mgongo. Hakujibu mtu. Nikasikiliza, nikasikia pumzi tu. Nikaona nimechekwa, nikakata. Sikuandika kwa sababu sheria niliiweka mimi."

Mama aliacha kizingiti, akaja mpaka kiti cha mumewe, akasimama nyuma yake.

"Alisikia?" refa aliuliza. "Afande, wewe umechunguza. Yale maneno yalimfikia?"

Inspekta alikuwa na orodha yenye muhuri, maelezo ya nesi yaliyotiwa saini, na dakika za simu mpaka sekunde. "Sijui, mzee," alisema. "Nesi alikuwa kitanda cha nne. Hakuna aliyekuwa karibu. Aliporudi simu imekatika na binti analia. Pengine ni maumivu. Siwezi kuandika zaidi ya hapo."

"Alikuwa analia vipi?" mama aliuliza.

"Machozi tu. Kashika simu, hataki kuiachia."

Mama alifuta mikono yake kwenye nguo, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mwanangu akiumia halii," alisema. "Alivunjika mkono akiwa na miaka saba, akatembea nao mpaka nyumbani macho makavu. Ukimpiga ananuna. Ukimsema ananuna. Analia ukimbembeleza tu, na akianza hushika kitu akang'ang'ania, usipompa nafasi hataachia. Muulize baba yake."

Refa alifunika uso.

"Basi andika hivyo," mama alimwambia Inspekta. "Andika alisikia. Mimi ndiye shahidi, nilimzaa." Kisha akamshika mumewe kwapani, akamvuta kama anayemwinua mtoto mzito. "Inuka, mzee. Ulimwambia utakwenda kumbeba. Inuka twende ukambebe."